Joseph O'Brien: Mtoto wa kocha aliyepigwa na mizani

RINGWANI, kule Serengeti mkoani Mara, kijana akirefuka haraka hakuna anayelia. Wenzake wanamsogeza nyuma acheze beki wa kati, au wanamvalisha glovu akae golini, na kuanzia hapo mipira yote ya kona ni yake. Urefu kwenye soka ni mtaji. Kuna watu wamepata namba kwenye timu kubwa kwa sababu hiyo tu, na mashabiki wanawajua kwa majina.

Sasa chukua urefu huohuo, mpe kijana wa Ireland ambaye kazi yake ni kupanda farasi wa mbio. Umemmaliza.

Hiyo ndiyo hadithi ya Joseph O'Brien. Akiwa na miaka 18 alishinda Marekani, akiwa na 19 akabeba Derby ya Epsom, akiwa na 20 akavunja rekodi ya taifa lake iliyodumu miaka 20. Akiwa na 22 akaachia ngazi. Hakuvunjika mguu, hakufungiwa, hakukosana na bosi, kwani bosi alikuwa baba yake mzazi. Alirefuka tu. Mwili uliendelea kukua wakati kazi inautaka ubaki mdogo, na kwenye ugomvi wa aina hiyo mwili hausikilizi kocha wala wakala.

Kwa shabiki wa soka ambaye farasi anawaona kwenye skrini za maduka ya kubeti, wale wa kompyuta wanaokimbia kila baada ya dakika chache, mchezo huu unaweza kuonekana rahisi. Farasi anakimbia, mtu amekaa juu. Huko Ringwani penyewe, kama sehemu nyingi za Serengeti na Tarime, mnyama wa kupanda ni punda, na hata huyo kazi yake kubwa ni madumu ya maji na magunia. Lakini waliowahi kushuhudia mbio za punda za Lamu, zile za msimu wa Maulidi, wanajua kuna siri moja: vijana wanaopanda bila tandiko, wakikatiza ufukweni mbele ya umati, ni wembamba na wepesi. Mnene hapewi punda.

Kwenye mbio za farasi siri hiyo imeandikwa kuwa sheria.

MIZANI KILA SAA

Mashabiki wa ngumi wanaelewa habari ya kupima uzito. Bondia anakonda wiki nzima, anapanda mizani siku moja kabla ya pambano, anapigwa picha, kisha anakwenda kula. Anafanya hivyo mara chache kwa mwaka.

Mpanda farasi anapima kabla ya kila mbio na, akimaliza kwenye nafasi za juu, anapima tena akishuka. Kama siku hiyo ana mbio sita, anapanda mizani mara kadhaa mchana mmoja, na kesho yake anahamia uwanja mwingine kuanza upya. Kila farasi amepangiwa kilo zake, na kilo hizo ni za mtu pamoja na tandiko lake. Akiwa mwepesi kuliko alichopangiwa, anawekewa vipande vya risasi kwenye tandiko. Akiwa mzito, farasi anabeba mzigo wa ziada na wenye farasi hawataki kusikia, kwa hiyo wanatafuta mtu mwingine.

Enzi za Joseph, kwenye Derby ya Epsom farasi dume wa miaka mitatu alibeba kilo 57. Ondoa tandiko na buti, aliyebaki ilibidi awe na kilo 55 au 56 hivi. Joseph alikuwa na urefu wa karibu futi sita. Mchezaji wa soka wa urefu huo, tena mwembamba, anakuwa na kilo 75. Hizo karibu kilo 20 za tofauti ndizo Joseph aliishi akizikimbia tangu akiwa kijana mdogo.

Wapanda farasi wamezipiga vita kwa njia zilezile kwa miaka mingi: kula kidogo, kukimbia na nguo nzito, kukaa kwenye maji ya moto au chumba cha mvuke hadi jasho litoke. Uingereza iliziondoa sauna viwanjani kabisa mwaka 2021 kwa sababu ya afya za watu hawa. Na huko Ghuba walienda mbali zaidi. Ili ngamia wabebe mzigo mdogo, waliwapandisha watoto wadogo mno, mpaka makelele ya dunia yalipowafanya Qatar na Falme za Kiarabu kuanza kutumia roboti kuanzia mwaka 2005. Uzito kwenye mbio za wanyama si jambo la mzaha.

ZIZI WALILOLIJUA MASHABIKI WA UNITED

Kabla ya kumfuata dogo, ni vizuri kujua alikotoka, maana mashabiki wa Manchester United wanalijua hilo zizi bila kujijua.

Linaitwa Ballydoyle, liko kaunti ya Tipperary, na baba yake Joseph, Aidan O'Brien, ndiye kocha wa farasi hapo. Farasi ni wa kundi la matajiri wa Coolmore, likiongozwa na John Magnier. Hapo ndipo alipofundishwa Rock of Gibraltar, farasi aliyeshinda mbio saba za daraja la juu mfululizo kati ya mwaka 2001 na 2002, akikimbia kwa rangi za Sir Alex Ferguson.

Rock of Gibraltar alipostaafu ukazuka ugomvi: nani ana haki ya fedha za kumpandisha kwa majike? Ferguson aliamini nusu ni yake. Magnier akasema hapana. Tatizo ni kwamba Magnier na mwenzake JP McManus walikuwa pia wanahisa wakubwa wa Manchester United, na mambo yakawa mabaya hadi yalipomalizwa nje ya mahakama mwaka 2004. Mwaka uliofuata, Mei 2005, wawili hao wakauza hisa zao, karibu asilimia 29, kwa Malcolm Glazer. Yaliyofuata Old Trafford kila mtu anayafahamu. Kwa hiyo ukimsikia shabiki wa United anawatukana akina Glazer, mkumbushe kuwa mlango ulifunguliwa na watu wa farasi.

Joseph wakati huo alikuwa mtoto wa shule, amezaliwa Mei 23, 1993, mkubwa kati ya watoto wanne wa Aidan na Anne-Marie. Na mama naye si wa kupita tu. Anne-Marie alikuwa kocha bingwa wa Ireland wa mbio za kuruka vizuizi kabla ya mumewe kushika usukani, na babu mzaa mama, Joe Crowley, alikuwa kocha vilevile. Nyumba nzima ni farasi. Ukizaliwa hapo, kuwa daktari ni uasi.

MTOTO WA KOCHA

Soka inazo hadithi za namna hii. Johan Cruyff alimpandisha Jordi Barcelona. Cesare Maldini alikwenda Kombe la Dunia 1998 akiwa kocha wa Italia na nahodha wake alikuwa mwanaye Paolo. Kila mara maneno ni yaleyale: huyu anacheza kwa sababu ya baba.

Jirani hapa Kenya ipo moja ya kale. Beryl Markham, yule mwanamke aliyerusha ndege peke yake kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi mwaka 1936, alikulia Njoro kwenye shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, kocha wa farasi, na akiwa mtoto ndiye aliyewapanda farasi wa mzee mazoezini. Baba alipofilisika na kuondoka, binti alibaki, akachukua leseni ya ukocha akiwa na miaka kama 18 na kuanza kuwapiga wanaume kwenye mbio za Nairobi. Kwake maneno yaliisha kwa sababu baba hakuwepo tena.

Joseph hakuwa na bahati hiyo, kama unaweza kuiita bahati. Baba alikuwepo kila siku.

Ushindi wake wa kwanza ulikuja Mei 2009 uwanja wa Leopardstown, juu ya farasi Johann Zoffany, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 16. Mwaka uliofuata akawa mmoja wa waliogawana taji la wanagenzi bora Ireland. Kisha mwishoni mwa 2010 mpanda farasi namba moja wa Ballydoyle, Johnny Murtagh, akaondoka. Kiti kile walikuwa wamekikalia watu wazito, Mick Kinane na Kieren Fallon. Baba hakusajili jina kubwa. Aliwagawia kazi waliokuwepo, na taratibu sehemu kubwa ikaanza kwenda kwa mwanaye.

Unajua kilichosemwa.

Dogo alijibu kwa kushinda. Mei 2011, hajatimiza hata miaka 18, akashinda Guineas 2000 ya Ireland juu ya Roderic O'Connor. Novemba mwaka huohuo wakampeleka Marekani, uwanja wa Churchill Downs, kwenye Breeders' Cup, ambayo kwa watu wa farasi ni kama fainali za dunia. Akampanda St Nicholas Abbey na kushinda mbio za majani. Alikuwa na miaka 18, mdogo kuliko yeyote aliyewahi kushinda pale, na kwa mara ya kwanza kwenye mashindano hayo kocha na mpandaji walikuwa baba na mwana.

Hapo watu wakapunguza sauti.

CAMELOT

Kila mchezaji ana msimu wake mmoja. Wa Joseph ni 2012, na farasi ni Camelot.

Uingereza kuna mbio tatu ambazo farasi akizishinda zote akiwa na miaka mitatu anabeba kile wanachokiita Taji la Mara Tatu: Guineas 2000 ya Newmarket, mita 1,600, Derby ya Epsom, kama mita 2,400, na St Leger ya Doncaster, zaidi ya mita 2,900. Ugumu uko wazi. Ni kama umwambie mkimbiaji mmoja ashinde mita 800 mwezi wa tano na marathoni mwezi wa tisa. Wa mwisho kufanya hivyo alikuwa Nijinsky, mwaka 1970, naye alitokea Ballydoyle hiyohiyo, enzi za Vincent O'Brien, ambaye wala si ndugu na akina Aidan.

Mei 5, Newmarket, Camelot alishinda kwa shingo tu. Juni 2, siku kumi baada ya Joseph kutimiza miaka 19, ikaja Derby.

Epsom ni uwanja wa ajabu. Farasi wanapanda kilima, wanashuka kwa kasi wakikata kona ya Tattenham, halafu njia ya mwisho imelala upande mmoja kama barabara ya mlimani, mvua ikiwa imepita. Farasi wengi wazuri wameharibikiwa pale kwa kukosa mizani ya mwili. Joseph alimweka Camelot nyuma, akatulia. Wengine wakaanza kusukuma. Yeye ametulia. Walipofika kwenye moja kwa moja akamtoa pembeni na kumwachia, na kuanzia hapo haikuwa mashindano tena. Alishinda kwa urefu wa farasi watano. Katika historia yote ya Derby hiyo, iliyoanza mwaka 1780, haikuwahi kutokea baba akafundisha na mwana akapanda, wakashinda.

Juni 30 wakachukua na Derby ya Ireland. Mbio tano maishani, ushindi mara tano. Imebaki St Leger.

Septemba 15, Doncaster. Kwa lugha ya mikeka ya huku kwetu, Camelot alikuwa na odi ya 1.40. Mtu anaweka fedha ya ada ya mtoto akijua jioni anazitoa. Encke, farasi wa zizi la Godolphin la Dubai, alikuwa na 26.00.

Mbio zilianza taratibu mno. Hilo ni jambo la kulielewa: mbio ndefu zikienda polepole, aliye nyuma anaumia, kwa sababu walio mbele wanakuwa bado na nguvu za kumalizia. Joseph alikuwa nyuma, kandokando ya uzio, akisubiri kama alivyosubiri Epsom. Encke, akiwa na Mickael Barzalona, akaondoka kwanza. Camelot alipopata njia akaanza kuja. Akaja, akaja. Mstari ukafika kabla yake. Robo tatu ya urefu wa farasi.

Miaka 42 ya kusubiri, na lawama zote zikamwangukia kijana wa miaka 19. Amechelewa, wakasema. Angekuwa Kinane asingekaa pale. Na safari hii huwezi kusema walikuwa wanaonea. Ukiitazama mbio ile, Joseph alimwachia Encke nafasi ambayo mkongwe angeinusa mapema. Lakini pia farasi hakujibu kwa ule moto wa Epsom, na mbio za mita 2,900 huenda zilikuwa ndefu kwake. Wapinzani wa aliyeshindwa huchagua sababu moja tu.

Aprili mwaka uliofuata ikalipuka kashfa. Kocha wa Encke, Mahmood Al Zarooni, alifungiwa miaka minane baada ya farasi wake kukutwa na dawa za kuongeza misuli, na vipimo vilivyofuata vilimtaja hata Encke. Haikuthibitishwa kwamba siku ya Doncaster alikuwa na kitu mwilini, na matokeo yakabaki kama yalivyo. Kwa Joseph haikubadilisha kitu. Kombe halikurudi.

KILO 56

Lililofuata baada ya Doncaster halikupigiwa kelele, lakini ndilo kubwa kwenye maisha yake.

Oktoba 7, 2012, Camelot alipelekwa Paris kwenye Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa kuliko zote Ulaya. Farasi wa umri wake walipangiwa kilo 56. Kilo moja chini ya Derby. Moja.

Joseph hakuweza kuifikia. Farasi wake, aliyeshinda naye kila kitu, akapewa Frankie Dettori. Camelot alimaliza wa saba, kwa hiyo kikombe hakikumpita. Ila ujumbe ulishafika. Beki anayekosa fainali kwa kadi anajua msimu ujao atarudi. Huyu alikosa kwa sababu ya mifupa yake, na msimu ujao ingekuwa mirefu zaidi.

Ukiangalia alichofanya baada ya hapo ndipo unamheshimu. Mwaka 2012 alikuwa bingwa wa wapanda farasi Ireland. Mwaka 2013 akarudia, na safari hii kwa ushindi mara 126, akiivunja rekodi ya Mick Kinane ya 115 iliyowekwa mwaka 1993, mwaka aliozaliwa Joseph. Fikiria maana yake. Ushindi 126 unataka upande mamia ya mbio. Mamia ya mbio ni mamia ya kupanda mizani, na mtu wa futi sita ndani ya ngozi ya mtu wa futi tano na nusu. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 2021, Colin Keane alipofikisha 141.

Machi 2013 alishinda Dubai na St Nicholas Abbey. Septemba akarudi Doncaster palepale, akamaliza deni: St Leger juu ya Leading Light. Mwaka uliofuata na farasi huyohuyo akachukua Gold Cup ya Ascot, akimpiga kwa shingo Estimate, farasi wa Malkia Elizabeth, mbele ya Malkia mwenyewe.

Na Juni 7, 2014, ikaja Derby ya pili.

Farasi aliitwa Australia, mtoto wa Galileo aliyeshinda Derby 2001, na mama yake Ouija Board aliyeshinda Oaks 2004. Kwa soka ni kama mtoto wa Messi na nahodha wa timu ya wanawake ya Brazil. Shinikizo lilikuwa kubwa, kwani ukishindwa na farasi mwenye damu hiyo huna pa kujificha. Joseph alishinda, na Aidan akawa kocha wa kwanza kubeba Derby mara tatu mfululizo. Ile ya katikati, mwaka 2013, Joseph alikuwa ameikosa: alimpanda Battle of Marengo akawa wa nne, huku Ryan Moore akishinda na Ruler of the World wa zizi hilohilo. Hata mtoto wa kocha huchagua farasi asiye.

Lakini Septemba 2014, Leopardstown, Joseph alimpitisha Australia mbali sana pembeni kwenye kona, na The Grey Gatsby, akiwa na Ryan Moore huyohuyo, akamnasa kwenye mstari kwa shingo. Lawama zikarudi kwa kishindo. Farasi aliyekimbia mita nyingi zaidi kuliko mwenzake na akapigwa kwa shingo, hesabu yake haihitaji mwalimu.

Mwaka 2015 Ryan Moore akawa chaguo la kwanza la Ballydoyle. Joseph akabaki na mbio za nyumbani, zile ambazo uzito uliruhusu, na zilizidi kuwa chache. Machi 2016 akatangaza rasmi kwamba hatapanda tena mbio. Alikuwa hajatimiza miaka 23.

BENCHI LA UFUNDI

Wachezaji wengi wakiacha mapema tunawasikia tena kwenye habari za kusikitisha. Joseph alihamia Piltown, Kilkenny, kwenye zizi la upande wa mama yake, akaomba leseni ya ukocha. Juni 2016, siku ya kwanza kabisa akiwa na leseni, farasi wake wanne walishinda. Miezi mitatu baadaye akapata ushindi wake wa kwanza wa daraja la juu: Intricately, akipandwa na mdogo wake Donnacha, akawapita farasi wawili wa baba yao.

Mzee alipigwa na watoto wake wawili kwa mpigo, na hakuna aliyesema ni upendeleo.

Ikaja Novemba 7, 2017, Melbourne, Australia. Melbourne Cup ni mbio za mita 3,200 na siku yake ni sikukuu ya umma mjini humo. Joseph alipeleka Rekindling, aliyepangiwa kilo 51.5, uzito ambao yeye mwenyewe asingeukaribia hata akiwa na miaka 16. Kazi akapewa Corey Brown. Mita za mwisho walibaki wawili: Rekindling, na Johannes Vermeer wa Aidan O'Brien. Mtoto akashinda kwa nusu urefu. Miaka 24, kocha mdogo kuliko wote waliowahi kuchukua kombe hilo.

Mwaka 2018 akachukua Derby ya Ireland na Latrobe, Donnacha juu, wa pili akiwa farasi wa baba. Mwaka 2020 akachukua Melbourne Cup tena na Twilight Payment. Wa pili? Tiger Moth, wa baba. Ilishakuwa tabia.

Na huyo Donnacha ndiye anayeifanya hadithi hii iume mara mbili. Mdogo mtu alipita njia ileile: Guineas 2000 mwaka 2018, nyingine 2019, bingwa wa wapanda farasi Ireland miaka hiyo yote miwili. Naye ni mrefu kama kaka yake. Mwanzoni mwa 2020, akiwa na miaka 21 na bado ni bingwa, akavua buti na kuchukua leseni ya ukocha. Julai mwaka huohuo farasi wake Fancy Blue akashinda Oaks ya Ufaransa. Farasi wa baba alikuwa wa tatu.